Kanga Wenye Vivuli Vitatu

Usiku wa jana niliota kifuniko cha mtungi kinagonga. Ka. Ka. Kilikuwa kinagonga polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Alfajiri ilikuwa bado.

Nikainua kichwa. "Nani huyo?"

"Kuna mgeni anakunywa," kifuniko kikajibu. "Nimejaribu kusogea mwenyewe ili asipate shida, lakini mimi ni mzito."

Nikakishukuru. Kifuniko hicho nimekaa nacho miaka kumi na tisa, na sikuwahi kujua kuwa kina moyo wa namna hiyo.

Mgeni alikuwa kanga wa porini, jike, shingo yake tupu ya bluu imeinama ndani ya mtungi wangu. Alikunywa kama mtu aliyefundishwa adabu, akifumba macho kila alipomeza. Kisha akanigeukia.

"Shikamoo, bibi. Nimepiga hodi mara tatu. Ya nne nimeingia."

"Marahaba. Mlango una komeo."

"Ndiyo. Nimeliona."

Hatukusema zaidi kuhusu komeo.

"Nimeacha mayai," akasema. "Nina muda wa uji kupoa, hauzidi hapo. Vaa viatu, unaitwa."

"Naitwa na nani?"

"Na wale uliowahesabu."

Hapo nieleze kidogo, maana hili la kuhesabu si ndoto. Kijiji chetu cha Nzogole kiko pale mashamba yanapoishia na pori linapoanza. Kila mwaka, kabla msimu wa kuwinda haujafunguliwa, tunahesabu kanga. Kwetu kiumbe hai hahesabiwi kwa kidole. Ukimwelekezea kidole umemwita mauti. Tunatumia mbegu za mkwaju na kibuyu: kanga mmoja, mbegu moja.

Tulikuwa wahesabuji watatu. Mimi nilikaa bwawani, rafiki yangu Mbeleje alikaa kwenye mashamba ya karanga, na shemeji yangu Chedego alikaa chini ya mgunga mkubwa ambako kanga hulala. Kengele ya shule ikilia asubuhi, kila mmoja anahesabu walio mbele yake, anafunga kibuyu, basi. Tukikutana tunajumlisha. Kamati ya kijiji ina sheria moja tu: katika kila kanga watatu, wawindaji wachukue mmoja.

Mwaka huu Chedego yuko kaburini tangu masika. Mbeleje amechukuliwa na binti yake mjini kwa ajili ya macho. Nikasema kazi ya watu haiwezi kulala kwa sababu nimebaki peke yangu. Jumanne nikajikongoja mwenyewe sehemu zote tatu. Asubuhi bwawani, mchana kwenye karanga, jioni kwenye mgunga. Sikuharakisha popote. Nilipojumlisha nikapata mia tatu na arobaini. Mwaka jana walikuwa mia na thelathini na mmoja.

Niliandika idadi hiyo kwenye karatasi, nikaiweka chini ya taa. Mtoto wa mdogo wangu, Chilongani, ambaye ni mwindaji, angekuja kuichukua asubuhi ya leo ampelekee Bwana Ndahani, afisa wanyamapori. Leo saa mbili msimu unafunguliwa.

Basi, nikavaa viatu. Nikamwambia yule kanga apite pembeni, kwa sababu jioni nilikuwa nimekandika sakafu kwa udongo na samadi, na ilikuwa haijakauka.

"Nitapita katikati," akasema, "ili usisahau."

Nikaona ni jibu la haki. Mimi nikapita pembeni.

Tunafungua mlango. Uani kwangu hakupo. Kuna bwawa, na jua limeshatoka.

Ukingoni vibuyu vyetu vitatu vimekaa kwenye vigoda, vimevaa vizuri. Kibuyu cha Chedego kimevaa kofia yake ya kijivu.

"Shemeji!" kinaita, kwa sauti yake kabisa. "Hayo magoti bado yanalia? Nayasikia toka huku."

"Nyamaza," nikasema. "Hata ulipokuwa na mwili hukuwa na haya."

"Mwili nimeuacha. Utani nimeubeba, ulikuwa mwepesi."

Nikakaa karibu nacho. Nilikuwa sijacheka na shemeji yangu tangu masika, na sasa pia sikucheka, lakini nilikaa karibu.

Kibuyu cha Mbeleje kikanishika mkono. Sijui kwa nini, maana hakina mikono. "Mwenzangu, huku mjini nimeambiwa nisitoke nje peke yangu. Nakaa dirishani nahesabu pikipiki kwa mlio."

"Huzielekezei kidole?"

"Hata kidogo. Zile zimebeba watoto wa watu."

Kibuyu cha Chedego kikakohoa. "Tuache ya pikipiki. Shemeji, mwaka jana mimi nilikuwa mzito, wewe wa wastani, na Mbeleje alikuwa na mbegu tisa tu, zinacheza tumboni kama njuga. Mwaka huu sote watatu tuna uzito mmoja, kama mapacha. Hukushangaa?"

"Nilishangaa."

"Ukafanya nini?"

"Nikamshukuru Mungu."

Kibuyu kikafikiri. "Hilo nalo si baya," kikasema kwa upole.

"Ila mimi nimezidi mbegu moja," kibuyu cha Mbeleje kikanong'ona. "Mtaikumbuka hiyo moja?"

Kabla sijajibu, kanga walianza kushuka bwawani. Wanakuja kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kama wanavyokuja siku zote, lakini wanakwenda taratibu mno. Nikaona sababu. Kila kanga alikuwa na vivuli vitatu.

Aliyetangulia alikuwa jogoo mzee, pembe ya kichwani imevunjika ncha. Akasimama mbele yangu akihema.

"Utuwie radhi kwa kuchelewa, bibi. Vivuli vitatu ni mzigo."

Nikavitazama. Kimoja kilikuwa kimelowa maji na kina tope la bwawa. Cha pili kilikuwa kifupi, kimegandwa na maganda ya karanga. Cha tatu kilikuwa kirefu sana, na miiba ya mgunga imechoma ndani yake.

"Mmevitoa wapi?"

"Umetupatia wewe. Hadi Jumanne asubuhi kila mmoja alikuwa na chake kimoja, na kilimtosha."

"Nilihesabu kila niliyemwona," nikasema.

"Ndiyo, na ulihesabu vizuri. Hukumruka mtu. Tunakushukuru." Alisema hivyo bila kejeli, na afadhali angenigombeza. "Lakini sisi tunatembea, bibi. Asubuhi maji, mchana karanga, jioni mgunga. Ulidhani wa bwawani wanashinda bwawani?"

"Nilidhani wa kwenye karanga ni wengine."

"Hata sisi tulidhani wewe ni mwingine. Tulipokuona mara ya tatu tukaambiana, mwaka huu vikongwe wameongezeka. Tulifurahi sana."

Kanga wote wakaitikia kwa kichwa. Walikuwa wamefurahi kweli.

Nikataka kukaa chini, nikagundua nimekaa tayari, na kwamba pale nilipokaa si bwawani. Ni shamba la karanga, jua la utosi. Sikuwa nimenyanyua mguu. Nikapepesa macho, na mgunga mkubwa uko juu yangu, jioni inaingia. Kanga wametembea siku nzima mbele yangu na mimi nimebaki mahali pamoja. Ndivyo ilivyopaswa kuwa Jumanne.

Mbele ya mgunga kulikuwa na mlango. Hakukuwa na ukuta wala nyumba, mlango peke yake, umesimama porini na kufuli kubwa. Bwana Ndahani anaitia mafuta bawaba kwa unyoya. Sare yake imepigwa pasi.

"Shikamoo, bibi. Huu ndio msimu," akasema, akiugonga kwa kiganja. "Watu husema msimu unafunguliwa, unafungwa, hawajui kuna mtu anayefanya hiyo kazi."

"Marahaba. Ni mzito?"

"Kufungua si mzito. Kufunga ndiyo shughuli."

Nyuma yake wawindaji wamepanga foleni. Wa kwanza ni Chilongani, gobore begani, mfuko wa gunia mkononi. Aliponiona akatoka kwenye nafasi yake, akanitafutia gogo, akalifuta kwa mkono, akaniketisha. Kisha akarudi, na wenzake walikuwa wamemwachia nafasi yake. Hayo yote nimeyaona na nimeyaweka moyoni.

"Leo ni mazoezi," Bwana Ndahani akatangaza. "Kwenyewe ni kesho saa mbili. Idadi iliyoandikwa ni mia tatu na arobaini. Katika kila watatu, mmoja. Nani anaanza?"

Jogoo mzee akasogea mbele.

"Una vingapi?" Bwana Ndahani akauliza.

"Vitatu."

"Basi toa kimoja."

Chilongani akainama, akakiokota kivuli kile cha asubuhi, akakikamua maji, akakikunja kama shuka na kukitia kwenye mfuko. Jogoo akakitazama kinavyoingia. Kisha vivuli viwili vilivyobaki vikavutwa, vikaingia nyuma ya kile cha kwanza, na jogoo mwenyewe akaingia mwisho kwa miguu yake, akipinda shingo ili pembe isikwame.

"Nimechukua kimoja tu, mama mkubwa," Chilongani akaniambia. "Kama ulivyoandika."

"Nimeona, mwanangu."

Akaja wa pili. Akatoa kimoja, akaingia mfukoni mzima. Akaja wa tatu. Hakuna aliyelia wala aliyekimbia. Kila mmoja aliponipita alinishukuru kwa kumhesabu. Mmoja, mdogo, manyoya yake ya utotoni hayajaisha, aliniambia kuwa siku ile ya Jumanne nilikohoa kwa kufunika mdomo ili nisiwashtue, na kwamba mama yake alilisema hilo mpaka wakalala. Akaingia mfukoni.

Nikajaribu kusimama. Magoti yakakataa. Nikajaribu kusema, na mdomo wangu ulikuwa umejaa.

"Mia na kumi na mbili," Bwana Ndahani anahesabu kwa sauti. "Mia na kumi na tatu. Imetimia. Theluthi ya mia tatu na arobaini. Mabaki yawekwe porini yazaane."

Akatazama porini kuona mabaki. Alikuwepo mmoja tu. Ni yule jike wangu, amekaa kwenye kichaka pembezoni mwa karanga, juu ya mayai yake, na kivuli kimoja.

Ule mgunga ulikuwa kimya. Wanaoujua mgunga ule jioni wanajua kuwa hauwi kimya, kanga hugombania matawi mpaka unatamani wanyamaze. Sasa walikuwa wamenyamaza. Wawindaji wote wakavua kofia, na kofia ya kibuyu cha Chedego ikavuliwa pia.

"Sheria imefuatwa," Bwana Ndahani akasema, lakini taratibu, na hakumtazama mtu. "Bibi, kabla sijafunga mazoezi, thibitisha idadi kwa kinywa chako. Ukiithibitisha, kesho itakuwa hivi hivi."

Nikafungua kinywa, na mbegu za mkwaju zikamwagika. Mia tatu na arobaini. Zilimwagika mpaka zikafunika viatu vyangu.

"Hiyo ndiyo?" akauliza.

Nikatikisa kichwa. Nikashuka kwenye gogo, nikapiga magoti, nikaanza kutenganisha. Mbegu moja huku, mbili kule. Mbegu moja huku, mbili kule. Ni kazi niliyoizoea. Nimechambua mchele na kunde maisha yangu yote, na sijawahi kuharakishwa na walioko mezani.

Wawindaji wakasubiri. Mmoja akanung'unika kwamba mazoezi yamekuwa marefu. Chilongani akamwambia, "Ukiwa na haraka, kaolewe." Kisha akaweka gobore chini, akapiga magoti kando yangu.

"Nikusaidie, mama mkubwa?"

"Unajua ninachofanya?"

"Unanipunguzia kitoweo."

"Ndiyo, mwanangu."

Halafu akaanza kutenganisha na yeye, moja huku, mbili kule, kwa vidole vyake vikubwa ambavyo havifai kwa kazi hiyo.

Kibuyu cha Chedego kikaja na kigoda chake. "Zile za jioni nirudishie mimi, shemeji. Hazikuwa zangu kweli, lakini nilifurahi kuzibeba. Kule niliko hawanipi kazi."

Nikazirudisha mbegu zake, moja moja, na za Mbeleje nikampa Mbeleje. Kila mbegu mbili zilipoondoka, kanga mmoja alitoka mfukoni akiwa na kivuli kimoja, akajikung'uta, akapanda mgunga. Jogoo mzee alitoka wa mwisho na kuanza kugombania tawi hapo hapo.

Mkononi mwangu zikabaki mbegu mia na kumi na tatu. Na chini, pembeni, kulikuwa na moja peke yake, haina wenzake wawili.

"Hiyo imebaki," Chilongani akasema. "Tuitupe?"

"Usiitupe. Huyo ni wa mayai. Yeye hakutembea."

Nikaichukua na kumtazama yule jike. Alikuwa akinitazama muda wote.

"Mia na kumi na nne," nikamwambia Bwana Ndahani.

Bwana Ndahani akaandika. Akaona aibu kidogo ya unyoya wake wenye mafuta, akauficha nyuma.

"Bibi," yule jike akasema kutoka kichakani. "Wenzangu uliwatembelea mara tatu siku ile. Mimi ulinijia mara moja."

"Sikutaka kukusumbua. Ulikuwa umeatamia, na msimu wa kutaga umekupita."

"Ya kwanza yaliliwa na kenge. Haya ni ya pili. Hukunisumbua. Ulisimama mbali, ukaweka mbegu moja kwenye kibuyu, ukaniambia pole. Hakuna mwingine aliyeniambia pole."

Nikataka kumjibu, na mlango wa msimu ukagongwa kutoka upande wa pili. Ka. Ka.

Nikaamka.

Ndani kulikuwa na mwanga mwembamba wa asubuhi. Karatasi ilikuwa chini ya taa pale nilipoiweka. Sikunawa uso. Nikaichukua, nikakata ile mia tatu na arobaini kwa mstari mmoja, nikaandika mia na kumi na nne. Kisha nikasikia hodi ya Chilongani.

Nikafungua komeo. Alikuwa ameniletea kuni, ingawa kuni ananiletea Alhamisi na leo si Alhamisi. Gobore lilikuwa begani, limepakwa mafuta, linang'aa. Akaisoma karatasi akiwa amesimama mlangoni.

"Mama mkubwa, mbona imekatwa?"

"Nilikosea. Niliwahesabu mara tatu."

"Wale wale?"

"Walikuwa wanatembea, mwanangu. Na mimi nilikuwa natembea."

Akahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. "Hapa tutapata thelathini na wanane. Wawindaji tuko ishirini na wanne. Jana, uliponitajia ile ya kwanza, nimewatangazia watu kanga mia na kumi na tatu, wamefurahi mpaka wameimba."

"Najua. Nitakwenda mwenyewe kuwaambia. Kosa ni langu."

Akaitazama ile karatasi tena. Kisha akaikunja na kuitia mfuko wa shati, ule wenye kifungo.

"Wewe kaa. Ukienda watakusemea ovyo, nami nitapigana, na leo sitaki kupigana. Nitawaambia mimi. Mwakani kengele ikilia, mimi nitakaa kwenye mgunga mahali pa marehemu baba Chedego, na mke wangu kwenye karanga. Wewe bwawani."

"Ahsante, mwanangu."

"Ila nilikuwa nimekuahidi mgongo wa kanga."

"Mgongo wa kuku unatosha."

Akacheka kidogo. Akainama kuweka kuni ndani, akabaki ameinama.

"Mama mkubwa, siku hizi unafuga kanga?"

"Sifugi. Kwa nini?"

Akanionyesha sakafu niliyoikandika jana jioni. Pembeni, kufuata ukuta, zilikuwepo nyayo za viatu vyangu. Katikati zilikuwepo nyayo ndogo za vidole vitatu, zimezama vizuri kwenye udongo. Zilianzia mlangoni, zikaenda mpaka kwenye mtungi, zikapinda, zikaja hadi kitandani kwangu.

Chilongani akachuchumaa, maana yeye anajua kusoma nyayo. Akazifuata kwa macho kwenda na kurudi.

"Za kuingia hizi hapa," akasema. "Za kutoka sizioni."

Akanitazama, akalitazama lile gobore lake, akalihamishia bega la nje. Akaniaga kwa sauti ya chini, kama watu wanavyoaga penye mtoto aliyelala, na akaondoka.

Nikasogeza kifuniko cha mtungi upande mmoja, nikauacha mlango wazi. Kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikainama mpaka pale magoti yanaponiruhusu, na kusema kule chini gizani:

"Mayai yatapoa, mwanangu. Nenda. Lakini uje tena."